Kumi na Mmoja Walioshuka Magara

Kitabu cha historia mimi huanza kukisoma kutoka nyuma. Nafungua faharasa, natafuta herufi R, natafuta Rumonge. Nikiikuta, naangalia imepewa kurasa ngapi. Kwa kawaida ni mmoja, na ukiufungua ukurasa huo unakuta mstari tu: kwamba sehemu hii ya mwambao wa ziwa ilikuwa na bandari ndogo, michikichi, Waswahili na watu wengineo. Hao wengineo ndio wanaonikera. Naishi Bujumbura miaka mingi sasa, nina duka la dawa, na kila anayepita na mkoba wa vitabu vya zamani anajua kwamba mama wa duka la dawa hununua chochote chenye ziwa kwenye jalada. Ninavyo tisa. Vinaeleza habari za wazungu waliopima kina cha maji, za meli, za mapadri, za pembe na misafara, hata samaki wamepewa sura yao nzima yenye picha za rangi. Mume wangu hunicheka. Anasema hajawahi kuona mtu anayenunua vitabu ili avigombeze.

Wiki iliyopita nilinunua cha kumi. Aliyekimiliki kabla yangu alikuwa amekiweka karibu na mafuta, maana kilipofunguka tu kilinipiga na harufu ya mawese, ile ya zamani iliyokwisha kuingia ndani ya karatasi na haitoki tena. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu anataka dawa ya kikohozi, nami nimeinamia kitabu nanusa. Sikuangalia faharasa. Harufu ile naijua, ilikuwa inatoka mvunguni mwa kitanda cha Bibi.

Bibi Zena, mama mzazi wa mama yangu, alipika sabuni uani kwetu Rumonge, mtaa wa Waswahili, hatua chache kutoka ziwani. Mawese alikwenda kuyanunua mwenyewe Kizuka, kwa wakamuaji aliowazoea, akarudi na madumu yamefungwa juu ya baiskeli ya kukodi. Alipika, akakoroga, akamimina katika fremu za mbao, na sabuni ikiganda aliikata kwa waya. Ilikuwa sabuni ya kahawia, nzito, yenye kutoa povu jingi. Mikono yake mwenyewe haikutakata hata siku moja, jambo ambalo sisi watoto tuliliona kichekesho kikubwa, mpika sabuni mwenye vidole vya mafuta.

Wateja wake wengi walikuwa wanawake wa samaki. Walitoka Magara, wengine Kabonga kule mpakani, na hakuna aliyeondoka na kipande chake bila kuulizwa maswali. Bibi yako alitoka wapi? Alivuka na nani? Walishukia wapi, na nani aliwapokea? Wengine walichoka wakamwambia wamekuja kununua sabuni, si kuandikishwa. Bibi hakujali. Na jibu akishalipata hakuliandika siku hiyo. Alingoja mpaka alisikie tena kwa mtu mwingine, asiye ndugu wa yule wa kwanza, na hapo ndipo alipofuta mikono kwenye kanga yake, akaingia chumbani na kuvuta debe kutoka mvunguni.

Mambo hayo yalianzia msibani, kabla sijazaliwa. Kwetu maiti akishalazwa kaburini husomewa talakini, na katika kusomewa huko huitwa kwa jina lake na jina la mama yake, si la baba. Alifariki jirani yetu, bikizee aliyeuza vitumbua, na wanaume wakamtuma mtu kutoka makaburini aje kuuliza mama wa marehemu aliitwa nani. Hakuna aliyejua. Na si ajabu, kwa sababu kwetu si adabu kumwita mtu mzima kwa jina lake. Mwanamke akishazaa anakuwa Mama Fulani, lake mwenyewe linawekwa kando, na wajukuu wanakua bila kulisikia. Jina la mama likikosekana, msomaji husema binti Hawa, kwa kuwa sote mama yetu wa kwanza ni Hawa. Ndivyo alivyofanya. Inaruhusiwa, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa Bibi. Mama amenisimulia mara nyingi jinsi alivyorudi amefura, akakoroga sabuni mpaka ikamwagika nje ya sufuria.

"Alikuwa na mama," alisema Bibi. "Ule mama alikuwa na jina. Alivuka ziwa, akalima, akazaa hapa hapa, halafu leo tunasema Hawa?"

Kesho yake alinunua kaye, ndivyo tunavyoliita daftari kwetu, akaanza kuandika. Alianza na majina ya mama za watu wa mtaani, lakini jina halikai peke yake. Ukimtaja mtu lazima useme alikuja na nani, na ukisema alikuja na nani lazima useme kwa nini walikuja, na mtumbwi ulikuwa wa nani. Nilipofikia umri wa kuona mambo, kaye zilikuwa nne, zimejaa mpaka kwenye majalada. Alikuwa ameandika historia ya pwani yetu, mwanamke ambaye hakuwahi kukaa kwenye benchi la ekole, shule ya Kifaransa. Ameiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa katika chuo cha Korani utotoni, bila irabu, kwa haraka, na pembeni mwa kila ukurasa alama ya kidole gumba cha mawese.

Mimi hayo yote sikuyajua, na hapo ndipo hasira zangu zinapoanza. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimemaliza Juzuu Amma na nilijiona msomi. Niliweza kusoma herufi zile zikiwa na irabu zake juu na chini, lakini za Bibi hazikuwa nazo, nikajaribu mstari mmoja nikashindwa kabisa. Nikahitimisha kwamba ile ni sehemu ya juu ya Korani ambayo sisi watoto hatujaifikia. Haikunijia kwamba herufi zile zinaweza kuandika kitu kingine. Kifaransa kilikuwa cha ekole, Kirundi cha ekole na sokoni, Kiswahili kilikuwa cha mdomoni, nacho sikuwahi kukiona kimeandikwa popote. Herufi za Kiarabu zilikuwa za Mungu. Nilimwuliza Bibi mara moja tu kaye zile ni za nini.

"Ni kitabu ya kwetu," alisema. "Utasoma ukikua."

Jibu gani hilo la kumpa mtoto? Mpaka leo nikilikumbuka naudhika. Maneno mawili zaidi yangetosha. Lakini watu wazima wa wakati ule waliona swali la mtoto ni kama inzi, unapunga mkono na mambo yanaisha. Nikabaki na fikra yangu, na ikaanza kunisumbua. Bibi yangu, mtu wa swala tano, ameweka maneno ya Mungu ndani ya debe la mawese, anayashika kwa vidole vichafu, bila udhu. Nilimwonea haya. Rafiki zangu walipokuja kucheza nilihakikisha shuka la kitanda limeshuka mpaka chini wasilione debe lile.

Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, Maalimu wetu wa chuo alitutuma nyumba kwa nyumba kukusanya kurasa zilizochakaa za misahafu na juzuu. Karatasi yenye maneno ya Mungu haitupwi jalalani wala haifungiwi karanga. Kuna wanaozizika. Sisi watu wa ziwani tulizifunga ndani ya kitambaa cheupe pamoja na jiwe, zikapelekwa kwa mtumbwi kupita pale nyavu zinapoishia, zikazamishwa. Mtoto aliyeleta mzigo mkubwa kuliko wote alipewa heshima ya kupanda mtumbwi na Maalimu, wengine wakabaki ufukweni wakisoma. Miaka miwili mfululizo heshima hiyo ilichukuliwa na Saada, binti wa mama mkubwa. Saada alikuwa na majirani wengi wenye misahafu mibovu, na alikuwa na tabia ya kutusimulia safari ile mpaka inatutoka puani.

Mwaka huo, siku ya kukusanya, Bibi alikuwa Kizuka. Nilizunguka mtaa mzima nikapata vijikaratasi visivyojaza hata kikapu, na njiani nikakutana na Saada amebeba furushi kifuani kwa mikono miwili. Nilirudi nyumbani nikaingia mvunguni. Nilijiambia kwamba namsaidia Bibi, namwondolea dhambi, atarudi akute debe lake ni la mafuta tu, kama madebe ya watu wengine. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa Saada. Nikatoa kaye zote nne, nikazifunga katika kitambaa cheupe cha Bibi mwenyewe, mafundo matatu, nikaongeza vile vijikaratasi vyangu juu.

Maalimu alinyanyua furushi, akashangaa uzito wake, akauliza limetoka kwa nani. Nikasema limetoka kwa Bibi Zena na amelifunga yeye. Uongo huo wa mwisho ndio uliomaliza kazi. Kama ningesema nimelifunga mimi angelifungua apange kurasa vizuri, ndivyo alivyofanya kwa mizigo ya watoto wote. Fundo lililofungwa na mwanamke wa umri ule hakuweza kulifungua mbele ya watoto, ingekuwa ni kumkosea heshima. Akaweka jiwe ubavuni mwa furushi, akalifunga kwa kamba juu ya kitambaa, akaniambia nipande.

Nilikaa mbele. Nilimwona Saada ufukweni amekunja mdomo, na sitaki kudanganya, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa asubuhi, maji yametulia, ndagaa wameanikwa mchangani kote. Tulipita nyavu. Maalimu akasoma, akaliteremsha furushi taratibu kwa mikono miwili, akaliachia. Yalipanda mapovu. Kisha juu ya maji likatokea doa la mafuta, lenye wekundu kidogo, likatanda polepole kuuzunguka mtumbwi. Maalimu akaliangalia doa, akaniangalia mimi. Msahafu hautoi mafuta. Akachukua kafi akageuza mtumbwi, na njia nzima ya kurudi hakunitazama tena.

Bibi alirudi mchana. Nilimkimbilia mlangoni kabla hajatua madumu, nikamweleza kila kitu kwa fahari, kwamba nimezipeleka zile kaye ziwani kwa heshima zake, na kwamba nimekaa mbele. Aliegemeza baiskeli ukutani. Ikaanguka, hakuiokota. Akaingia chumbani, nikasikia debe likiburutwa. Alipotoka aliketi juu ya kigogo cha kukatia sabuni, akanivuta karibu yake.

"Ile haikuwa Korani, mama," alisema. "Mule ndani mulikuwa watu."

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Mama alitaka kunichapa, Bibi akamkataza, akasema mutoto amefanya vile alivyofundishwa. Jioni Maalimu alikuja kuomba radhi, akakaa kizingitini kwa muda mrefu akieleza habari za mafundo, na Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akampa sabuni mbili apeleke nyumbani. Nilikaa nyuma ya mlango nasikiliza, na ndiyo kwanza ninaelewa kwamba karatasi zile zilikuwa zinasema habari za wanawake na mitumbwi waliyovukia, za walioleta mbegu za michikichi, na za bibi wa huyo Maalimu mwenyewe.

Wiki iliyofuata aliniita uani. Mkononi ana kaye mpya na kalamu ya bike, ile ya wino. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mstari wa kaye hauoni tena, na wengi wa waliompa habari walikuwa wamekwisha kufa au kuhama. Akaniambia niandike kwa herufi za ekole, haidhuru.

"Weye ulizipeleka, weye utazirudisha," alisema. "Siku yangu ikifika, sitaki waseme Hawa."

Ikawa kila siku nikitoka ekole, wenzangu wanaruka kamba barabarani, mimi nimechuchumaa kando ya sufuria na kaye juu ya goti. Bibi alikoroga akisema, na mwiko wake ndio uliopanga mwendo, jina moja kila mzunguko. Kazi ilianza mafuta yakichemka ikaisha sabuni ikianza kushika. Moshi uliniingia machoni. Nilimsikia Saada akihesabu kamba nje, akicheka, nikajua anacheka makusudi.

Habari aliyoirudia kuliko zote ilikuwa ya wanawake wa Magara. Waume zao walikuwa wametangulia kufanya kazi huku, nao wakafuata kutoka ng'ambo, upande wa Uvira, kumi na mmoja katika mtumbwi mmoja. Walikuwa wanakuja Rumonge. Upepo ukawakatalia, wakashukia Magara, maji kiunoni na mizigo kichwani, na kuanzia pale wakatembea kando ya ziwa mpaka huku. Walipokewa na wavuvi waliowapa samaki, mukeke wa kuchoma, wakala wamesimama. Mmoja wao alikuwa mama yake Bibi, mimba ikiwa kubwa. "Kumi na moja," Bibi alikuwa anasema, "na miye ndani." Kisha anaanza kuwataja, mwiko ukizunguka.

Sasa niseme nilichofanya. Ekole, mwalimu wetu alikuwa ameandika ubaoni somo la Kifaransa juu ya wanyama wa nyumbani. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, halafu akaweka etc. Nikauliza neno hilo ni nini. Akajibu kwamba maana yake ni kuwa waliobaki wanajulikana, hakuna haja ya kuwaandika. Nilipenda neno hilo papo hapo. Nililiona ni mfuko, kila asiyetajwa yumo ndani, na msomaji aliyesoma vizuri akilifikia ataufungua na kuwakuta wote. Bibi alipofika kwenye wanawake wa Magara nikaandika: Mwamini, Tausi, Faida, etc. Nikapumzisha mkono huku yeye akiendelea kutaja.

Ningependa kusema ni ujinga wa mtoto, basi. Siku za kwanza ulikuwa ujinga. Lakini baada ya wiki mbili nilikuwa najua vizuri ninachofanya, nilikuwa nataka kwenda kuruka kamba. Waliofungua mashamba ya michikichi Kizuka: wawili, etc. Waliohamia Kabonga kufuata samaki: mmoja, etc. Na nilikuwa na udhuru wangu, kwamba majina yenyewe nayajua. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi mno, yanajitaja yenyewe kichwani nikiwa nafagia au naoga. Kwa nini niandike kitu ninachokijua? Na mtaa mzima ulikuwa unayajua, au mimi nilidhani hivyo.

Siku za Ijumaa Bibi aliniambia nimsomee. Nilishika kaye mbele ya uso kama watu wazima, nikasoma Mwamini, Tausi, Faida, nikaifikia ile etc. nikaipita bila hata kukata pumzi, nikataja waliobaki wote kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo ule ule wa mwiko. Bibi alitikisa kichwa kwa kila jina. Mara moja tu aliniomba kaye, akaipima kwenye kiganja.

"Mbona iko nyepesi?" aliuliza. "Zangu zilikuwa ine."

"Naandika herufi ndogo, Bibi."

"Umeandika wote?"

"Ego, Bibi. Wote."

Akanirudishia. Akasema murakoze, kwa heshima, kama anamshukuru mtu mzima. Akaifunga katika kitambaa, akaiweka ndani ya debe, na tangu siku tulipomaliza akaacha kuyasema majina yale. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote. Alikuwa anayataja kila siku kwa sababu aliogopa yatapotea, na mimi nilimwondolea hofu. Mtu akimwuliza jambo la zamani, mama akimwuliza, mjomba akimwuliza, hata wale wanawake wa samaki walipoanza wao sasa kuja kuuliza, alijibu jibu moja.

"Iko mu kaye," alisema. "Muulize mujukuu wangu."

Hakuna aliyeniuliza. Nani atamwuliza mtoto? Baadaye nilipelekwa kusoma shule ya bweni, mbali na ziwa, na huko nilijaza kichwa mito ya Ulaya na vitenzi vya Kifaransa. Sikumbuki siku majina yale yaliponitoka. Hakuna siku unayoamka ukajua umesahau.

Bibi alifariki nikiwa na miaka kumi na saba. Nilifika asubuhi, mazishi yakawa baada ya adhuhuri. Wanaume waliondoka na jeneza, sisi wanawake tukabaki uani, mikeka imetandikwa pale pale alipokuwa anakatia sabuni. Haukupita muda mjomba wangu, mtoto wa Bibi wa kiume, akarudi anatembea haraka, vumbi la makaburini kwenye suruali. Akasimama mlangoni akawasalimu wakubwa.

"Maalimu anauliza jina ya mama yake," alisema.

Wanawake wakatazamana. Mama mkubwa akasema, si Mama Zena? Mjomba akasema hilo analijua, yeye mwenyewe alimwita Bibi Mkubwa maisha yake yote, linalotakiwa ni jina lake hasa. Mama yangu alikuwa analia, lakini hapo akainua uso, na nilimwona amepata faraja, akasema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa tangu zamani: "Iko mu kaye." Wote wakanigeukia mimi.

Niliingia chumbani nikavuta debe. Nilikuwa najua na sikuwa najua. Nilifungua kitambaa, nikafungua kaye, karatasi zinanuka mawese, mwandiko wangu wa utoto umelala vizuri kwenye mistari. Wanawake wa Magara walikuwa ukurasa wa pili. Mwamini, Tausi, Faida, etc. Nikafumba macho nikajaribu kuukumbuka mwiko, nikazungusha mkono wangu hewani, mzunguko wa kwanza Mwamini, wa pili Tausi, wa tatu Faida. Mzunguko wa nne haukuwa na kitu. Nikaanza upya. Nikaanza mara tano, sita. Mama yake hakuwa miongoni mwa wale watatu wa mwanzo, hilo nililikumbuka, kwa sababu alipomfikia mama yake Bibi alikuwa anapunguza mwendo, na mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuweka kalamu chini. Mjomba akaja mpaka mlango wa chumba.

"Wanangoja," alisema. "Iko?"

"Haiko, Mjomba."

Hakuniuliza kwa nini. Aliondoka mbio, maana maiti hasubirishwi kumbukumbu za mtu. Waliporudi hakuna aliyeniambia kilichosemwa kaburini, na mimi sikuuliza. Siku ya hitima, Maalimu, naye amezeeka na fimbo mkononi, alinifuata pembeni akaniambia nisijisumbue, sote ni watoto wa Hawa na Mungu anamjua kila mama. Alikusudia mema. Nilimjibu kwa adabu, lakini ndani nilikuwa nasikia sauti ya Bibi na sabuni inayomwagika. Alimwaga sabuni yake kwa ajili ya muuza vitumbua, akaandika kaye nne, akazipoteza, akaanza tena akiwa haoni, na mwisho amezikwa kwa jina lile lile alilolikataa.

Nimetafuta. Nimekwenda Magara nikawauliza wanawake wa samaki, wakaniambia wamekuja kuuza samaki. Nimekwenda Kabonga. Saada, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu na bado ana mdomo, alinipa jina moja, halafu kesho yake akapiga simu kusema hana hakika, labda lilikuwa la mke wa jirani. Bibi asingeliandika. Lingemhitaji mtu wa pili, na wa pili hayupo. Ndiyo maana nanunua vitabu. Huwa najiambia kwamba labda mmoja wa wale wazungu waliopima maji aliwaona wanawake wakishuka Magara, akauliza, akaandika. Naanza nyuma, kwenye faharasa, nakuta Waswahili na wengineo, naghadhibika, namwambia mume wangu watu hawa wangekosa nini kama wangeongeza mistari minane. Ananisikiliza. Kaye ile hajawahi kuisoma.

Faharasa ya kile cha kumi, chenye harufu, niliiangalia jana. Rumonge haimo kabisa. Nilikipanga na vingine, kisha nikaichukua kaye kutoka mwisho wa rafu, ukurasa wa pili, nikaikata ile etc. kwa mstari mmoja. Mwamini, Tausi na Faida nikawapa moja, mbili, tatu. Chini yao nikaandika namba, kutoka nne mpaka kumi na moja, na mbele ya kila namba nikaacha nafasi inayotosha jina zima. Mama yake Bibi ni mmoja wa hao. Sijui ni wa ngapi.